Paa Nililolisawazisha kama Meza ya Mgiriki

Aibu yangu naijua, kwa hiyo acheni kukonyezana. Najua pia kwamba Sefu keshawasimulia kwa namna yake, na kwamba katika simulizi ya Sefu mimi naanguka nikiwa uchi. Sikuwa uchi. Nilikuwa na shuka kiunoni na mkanda wa ngozi kifuani, na ndiyo maana naona heri nisimulie mwenyewe, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unaivisha nguo.

Ilikuwa enzi za Mdachi, reli imeshafika Dodoma na kupita kwenda Tabora, na mimi Ndahani, mwana wa mfugaji, nimewaacha ng'ombe wa baba nikaenda kufanya kazi kwenye hoteli ya Mgiriki mmoja karibu na stesheni. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutunza meza ya biliadi. Kwa asiyeijua, ni meza kubwa iliyovikwa kitambaa cha kijani, ina kingo pande zote nne, na juu yake kuna mipira mitatu ya pembe ya ndovu ambayo Wazungu wanaigonga kwa ncha ya fimbo ndefu, mmoja uende ukaguse miwili, basi, hakuna zaidi, halafu wanafuta jasho na kunywa bia kana kwamba wametoka kulima. Mimi nilipiga brashi kitambaa, nikapanga mipira, nikashika chaki. Kucheza nilikatazwa. Kwa hiyo nilicheza alfajiri, Mgiriki akiwa bado anakoroma.

Mwenzangu wa alfajiri alikuwa huyo huyo Sefu, mpishi wa hoteli, ambaye babu yake alikuja na msafara kutoka Unyamwezi akabaki hapa (Sefu husema babu alipapenda, sisi Wagogo husema alituomba maji ya kunywa na hajaondoka mpaka leo). Sefu alikuwa anatoka jikoni na unga mikononi, anapiga mara moja, mpira unakwenda ulikotumwa, anarudi kwenye mkate wake. Mimi nilikuwa napiga, na mpira unakwenda kulia. Kila siku kulia.

"Kiwiko, ndugu yangu," ananiambia. "Kinapunga kama unafukuza kuku."

Basi kulikuwa na mpima ardhi mmoja wa reli, tulimwita Bwana Kamba kwa sababu hakuonekana popote bila kamba yake ya kupimia. Mchana mmoja nikamwona amekaa peke yake na ile meza, amevua mkanda wake wa suruali, amejifunga nao mkono wa kulia, hapa juu ya kiwiko, ukabanwa na mbavu, umebaki kusogea mkono wa mbele tu. Akapiga hivyo kwa muda mrefu. Jioni akawashinda wenzake wote. Mimi nikasema, kumbe dawa ndiyo hiyo. (Sikujiuliza kama jioni nyingine pia huwa anawashinda. Huwa anawashinda.) Siku ya pili nikajikatia mkanda wangu, wa ngozi mbichi ya ng'ombe, maana suruali sikuwa nayo.

Sasa hapo ndipo ukwe unapoingia.

Nilikuwa nimemposa Chiku, binti wa Mzee Madeje, mwendo mfupi kutoka mjini kwa njia ya Bahi. Mambo yote yalikuwa yamekubaliwa, imebaki siku moja tu, wazee wa pande mbili wakae, wanywe pombe, wataje siku ya harusi. Na nataka mjue kwamba mimi Chiku nilimpenda. Si kwamba wazazi walisema nami nikaitika. Nilimpenda, nilikuwa nikimwona anapita na mtungi nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Mzee Madeje akaniita.

"Mkwe," akasema, "mvua haziko mbali. Paa la mama yako limechoka. Likandike upya, wazee wakija wakute nyumba inayofanana na nyumba."

Ninyi vijana mliozaliwa chini ya mabati hamjui raha ya tembe. Kuta ni miti na udongo, juu boriti zimelala, juu ya boriti fito, juu ya fito udongo umekandikwa mpaka ukawa paa la kutembelea, watu wanaanika mtama huko, wengine wanalala huko wakati wa joto. Nilipopanda nikaliona paa la mama Chiku limejinyoosha mbele yangu, refu, tupu, limetulia, nikasema moyoni: hii meza.

Huyo mama Chiku mwenyewe nilikuwa namjua kwa kikohozi tu. Kwetu mkwe wa kike hamtazamani usoni. Akipita yeye, wewe unageukia kichaka. Ukiwa na neno unampa mtu alifikishe, au unauambia ukuta naye akiwa upande wa pili. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliitunza mwaka mzima. Nikiwa juu ya paa nilimsikia chini anakohoa, kikohozi kifupi, kimoja, cha mtu anayejua una nini mkononi.

Na nilikuwa nayo mipira. Hewa kavu ya Dodoma ilikuwa inaipasua ile mipira ya pembe, Mgiriki akaitupa mitatu yenye nyufa, nikaiokota, na fimbo moja iliyovunjika nikaichonga ncha. Sefu, ambaye haamini kitu mpaka akionje chumvi mwenyewe, akaja siku yake ya kupumzika.

"Usiniambie mkanda unasaidia," akasema. "Tupime. Weka mpira mmoja kule mwisho, uupige kwa mwingine. Mara kumi bila mkanda, mara kumi na mkanda. Ukigusa naweka punje ya uwele hapa."

Nikapiga kumi bila mkanda: punje tatu. Jua likawa linanipiga machoni, nikahamia ncha ya pili ya paa, nikafunga mkanda, nikapiga kumi: punje tisa! Nikaruka, nikapiga kigelegele (ndiyo, mwanaume mzima), mbuzi zizini wakashtuka. Sefu akainama. Akachukua mpira, akauweka chini pale nilipokuwa nimesimama, akauachia. Mpira ukafikiri kidogo. Ukaanza kwenda wenyewe, taratibu, ukateremka paa lote, ukafika, ukagonga mwenzake, ko!

"Na huyu," Sefu akauliza, "amevaa mkanda?"

Jamani. Paa lilikuwa limeinama. Kidogo sana, jicho halioni, kuelekea nyuma ya nyumba. Na mtoto yeyote wa Kigogo anajua kwa nini paa la tembe linainama, na mimi nilijua, nilizaliwa ndani ya tembe, nimekandika na baba tangu sijaota ndevu. Lakini siku ile nilikuwa na hasira ya punje tisa. Nikaona kitu kimoja tu: kipimo changu kimeharibiwa na mteremko, basi mteremko utoke. Uamuzi ulikuwa mdogo hivyo.

Nikafanya kazi siku nne. Nilikuwa nimemwona Bwana Kamba anavyosawazisha vyombo vyake kwa kipovu cha hewa ndani ya maji, nikachukua chupa ya Mgiriki, nikaitia maji, nikaiziba, nikawa nailaza hapa, naongeza udongo, nailaza pale, naongeza udongo, mpaka kipovu kikakaa katikati kila mahali. Chiku akapanda kuniletea maji ya kunywa.

"Mbona unaongeza udongo upande wa nyuma?"

"Nanyoosha."

"Kwani lilikuwa limepinda?"

"Chiku," nikamwambia (na hapa nawaomba mnipige makofi, nayastahili), "haya ni mambo ya vipimo. Huwezi kuyaelewa."

Akaniangalia, akaiangalia chupa, akashuka.

Halafu mpira mmoja ukadondoka zizini ukampiga beberu wa Mzee Madeje mgongoni, nikaona lazima ziwepo kingo kama za meza ya hoteli. Nikajenga ukingo wa udongo kuzunguka paa zima, wa urefu wa shubiri, nikausugua kwa jiwe mpaka ukang'aa. Mzee Madeje akasimama uani akatazama juu, akaona ule ukingo tu, akatikisa kichwa kwa furaha. "Tangu nizaliwe sijaona mkwe anayelipenda paa namna hii," akasema. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Siku ya wazee ndiyo Sefu aliyopata ruhusa tena, maana Mgiriki alisafiri. Nikasema hakuna neno, wazee wanakuja alasiri, sisi tunapima asubuhi, tunamaliza, nashuka, naoga, nakuwa mkwe. Kule Bahi mawingu yalikuwa yamejikusanya, lakini mawingu ya Bahi kila mwaka yanatudanganya, hakuna aliyeyajali. Nikapiga kumi bila mkanda: punje nne. Kisha nikaulowesha mkanda maji ili unishike vizuri, Sefu akanikazia fundo mgongoni, nikasimama juani kuungoja utulie.

Mwana wa mfugaji huyo! Ngozi mbichi ikilowa ikikauka inajikunja na kubana. Ndivyo tunavyowamba ngoma, ndivyo tunavyofunga shoka kwenye mpini lisitoke milele. Nami nimejifunga nayo, nimesimama juani, naungoja utulie.

Ukatulia. Nikapiga wa kwanza: ko. Wa pili: ko. Wa tatu, wa nne, wa tano, yote ko ko ko, paa limelala sawa kabisa, mpira hauendi usikotumwa, kiwiko kimegandamana na mbavu, na Sefu, naapa, nilimwona anaziangalia zile punje tano kwa adabu. Nikavuta pumzi nipige wa sita. Tukasikia chini: "Hodi wenyewe! Mbukwenyi!"

Wazee wamewahi. Waliyaona mawingu wakaharakisha.

"Fungua, fungua," nikamwambia Sefu. Akavuta fundo, akavuta kwa meno. Wapi! Limekuwa jiwe.

"Leta kisu."

"Sina kisu."

"Mpishi gani anatembea bila kisu?"

"Mpishi aliyealikwa kuhesabu uwele," akasema, akashuka kwenda kutafuta.

Asirudi. Nasikia chini: "Shikamooni wazee," "Marahaba, karibu, kaa," na mgeni akishakaa mbele ya wazee haondoki hivi hivi kwenda kutafuta visu. Nikalala kifudifudi juu ya paa wasinione. Wakaingia ndani, na kupitia udongo nikamsikia baba yangu mkubwa, aliyekuwa mshenga wetu, anaanza kunisifu kwa sauti yake ya ng'ambo ya bonde. Kwamba mimi ni mtu wa kazi. Kwamba mikono yangu yote miwili haijui kupumzika. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko juu," ikajibu sauti ya Sefu. "Anamalizia."

"Paa linamaliziwa siku ya wageni?"

"Ndiyo bidii hiyo!" akasema baba mkubwa.

Tone la kwanza likaniangukia shingoni. Nikasema ni ndege. La pili nikasema ni ndege. Kisha mawingu ya Bahi yakaamua kwamba mwaka huu hayadanganyi, na mvua ikashuka yote kwa pamoja, mvua ile ya kwanza ya Ugogo isiyopiga hodi, na chini nikawasikia wazee wanashangilia baraka. Mimi nikabaki naangalia maji. Hayaondoki. Yaende wapi? Nimesawazisha kwa kipovu! Nimejenga ukingo wa shubiri, nimeusugua kwa jiwe! Mipira yangu mitatu ikaanza kuzama mbele ya macho yangu, na chini yangu boriti ikatoa sauti moja ndogo, kama mtu anayefungua mlango kwa siri.

Nikaelewa yote mara moja. Nikachukua fimbo nitoboe ukingo wa nyuma, maji yapate njia. Nikapiga goti, nikalenga, nikapiga. Na nawaambieni ukweli, sijawahi kupiga pigo lililonyooka kama lile. Kiwiko hakikupunga hata unywele. Fimbo iliingia kwenye ukingo wangu moja kwa moja, ikanasa humo, ukingo ukabaki umesimama (udongo wangu ulikuwa mzuri), mimi nikavuta, nikateleza, nikakaa kitako katikati ya ziwa. Na paa likaitikia.

Sikuangukia kwa wazee. Ingekuwa nafuu. Niliangukia chumba cha ndani, pamoja na maji na udongo na fito, nikakaa sakafuni mbele ya mama aliyekuwa anachuja pombe, na mipira ikanifuata, mmoja begani kwangu, mmoja ukutani, wa tatu ndani ya mtungi wa pombe, chubwi. Mama akainua uso. Nami nikainua uso. Tukatazamana, mama Chiku na mimi, macho kwa macho, mwaka mzima wa kugeukia vichaka ukapotea hapo. Nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba macho ya Chiku kayatoa kwa mama yake.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia. Na kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nikampa mkono. Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa.

Mama akajifunika shuka kichwa kizima akageukia ukuta. Wazee wakajazana mlangoni, nyuma yao Chiku, nyuma yake Sefu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Yule mzee wa upande wao akaninyooshea fimbo yake.

"Mkono wa kulia una nini? Mbona hatukuambiwa?"

"Hauna kitu, mzee," Sefu akadakia (alitaka kunisaidia, nimeshamsamehe). "Ameufunga mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Aone kama utakwenda vizuri zaidi."

"Uende wapi?"

Baba mkubwa akainama anishike aninyanyue, kibuyu chake cha pombe bado mkononi, na wakati huo huo ile ngozi, iliyolowa tena kwa mvua yote hiyo, ikalegea. Ngozi ndivyo ilivyo, ikilowa inasamehe. Kiwiko changu, kilichofungwa tangu asubuhi, kikachomoka na kupunga kama hakijawahi kupunga maishani, kikapiga kibuyu, pombe yote ikamwagika usoni kwa mshenga wangu.

Nikalia. Mseme mnavyotaka, nililia, maana nilimwona Chiku pale mlangoni na nikajua nimempoteza, na nimempoteza kwa ajili ya punje za uwele.

Ndipo kikasikika kikohozi. Kifupi, kimoja. Mama Chiku, shuka kichwani, akauambia ukuta:

"Ukuta, waambie wazee binti yangu simnyimi mtu. Lakini huyo aliyeingia kwangu bila hodi, mwambie siku ya harusi haitajwi leo. Alijenge paa langu upya, lipitishe mvua za mwaka huu zote. Likivuja tone, asinijie. Na mwambie kile kidude kilichoingia kwenye pombe yangu sikirudishi."

Nikajenga. Mvua zile zote, kila wingu likipita, nilikuwa natoka hotelini mbio kwenda kulitazama paa la watu. Chiku ananikuta nimesimama uani, nimelowa, naangalia maji yanavyoteremka nyuma ya nyumba. "Vipimo vinasemaje?" ananiuliza. Nami najibu, "Vinasema linainama." Halikuvuja. Tulioana baada ya mavuno, na sikufunga tena mkanda wowote mkononi, na kiwiko changu kinapunga mpaka leo, na kitu chochote nikikikuta kimeinamishwa na waliokuwepo kabla yangu, nauliza kwanza. Sefu kila tukikutana anasema bado nina mapigo matano, hatujui bado kama mkanda ulisaidia. Nasema yalikuwa sita kwa sita, yeye anasema pigo la ukingoni halihesabiki, halikuwa na mpira. Basi abaki na mashaka yake.

Kinachobaki ni kile kidude. Mama Chiku alikiweka. Kila mwaka kabla ya mvua, nikimaliza kukandika paa lake, Chiku ananipandishia ule mpira umefungwa kwenye pindo la khanga, nauweka juu kabisa, nauachia. Mama yuko ndani, kimya, anasikiliza. Ukidondoka nyuma ya nyumba, anakohoa, nami najua ninaweza kushuka. Mwaka wa kwanza ulisimama katikati, hakukohoa, nikakandika mpaka jua likazama.

Mwaka huu niliuachia, ukateremka bila kusita, ukadondoka. Nikangoja. Akakohoa, ni mzee sasa, kikohozi kimekuwa kirefu. Nikaanza kukusanya vyombo. Ndipo nikamsikia chini, taratibu:

"Ukuta, mwambie mwanangu ashuke ale."

Nilikaa juu ya lile paa kidogo kwanza. Sikutaka Chiku anione uso, maana angeuliza tena vipimo vinasemaje.